Kufuata Magadi: Kutoka Moshi hadi Engaresero

Jumatano

Kutoka Moshi hadi Arusha sina la kusimulia. Boma Ng'ombe, njia panda ya KIA, Usa River, foleni ya Tengeru, basi. Tulikunywa chai Arusha, tukashika barabara ya Dodoma mpaka Makuyuni, tukakata kulia. Saa nane mchana tulikuwa Mto wa Mbu.

Tulikuwa mimi, Mama Mdogo, na dereva, jirani yetu wa Majengo ambaye Mama Mdogo humwita "baba" akitaka apunguze bei na "wewe kijana" akishapunguza.

Safari yenyewe ilikuwa ya Mama Mdogo. Ana meza soko la Mbuyuni, anauza viungo, dagaa, ugoro na magadi. Kwetu uchagani magadi si kitu cha mchezo. Bila magadi makande yanamaliza kuni, kiburu hakipati ladha yake, na mzee wa ugoro hakuelewi ukimpa tumbaku tupu. Miaka yote magadi yanamfikia kwenye viroba, na kila mchuuzi ana maelezo yake. Huyu anaapa ni ya Ziwa Natron, yule anasema ya Kenya, mwingine ameyakwangua mbugani pamoja na udongo wake na bado anataka bei ya magadi. Mwaka huu akasema imetosha, anataka kuona yanakotoka kwa macho yake. Mimi nilikuwa na hamu ya siku nyingi ya kupanda volkano ya Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu. Tukaunganisha.

Mto wa Mbu ni mji wa kijani kuliko unavyotarajia. Vijito vinashuka kutoka kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, vinagawanywa mashambani, na kuna migomba, mpunga, na zile ndizi nyekundu ambazo wageni wanazipiga picha kabla ya kuzila. Magari ya watalii hayakai sana hapa. Yanapanda mlima kwenda Karatu na Ngorongoro. Sisi kesho tunaacha lami, tunaelekea kaskazini. Tumelala gesti yenye chandarua kizima, na kwa mji huu hilo ni jambo la kushukuru.

Alhamisi

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kuanzia hapo ukuta wa Bonde la Ufa uko kushoto kwako kutwa nzima, na kulia ni uwanda: migunga, vumbi, punda waliobeba madumu ya maji, watoto wanaochunga mbuzi mbali na nyumba yoyote unayoiona. Baada ya Selela kijani kikabaki kwenye makorongo tu. Pundamilia wanalisha pamoja na ng'ombe bila ugomvi. Tuliona na swala twiga, yule mwenye shingo ndefu, amesimama kwa miguu ya nyuma anachuma majani ya juu ya kichaka.

Kero ya njia hii ni mageti. Unakuta mnyororo umekatiza barabara, kibanda, kitabu, unalipa. Unaendelea, unakuta mwingine. Sikatai kulipa, Mtanzania analipa kidogo ukilinganisha na mgeni, na kijiji kinahitaji hela. Ila kwenye geti moja mashine ya malipo haikuwa na mtandao, na pesa taslimu hawakutaka kupokea, kwa hiyo tulikaa juani karibu saa nzima tukisubiri mtu apande kwenye kichuguu na simu yake. Mama Mdogo akatandika kanga chini ya mgunga akalala.

Engaruka tulisimama kuona magofu. Watu wengi wanapita tu, na ninawasikitikia. Kwenye mteremko chini ya ukuta wa bonde kuna mabaki ya vijiji saba vya mawe, na mbele yake mashamba yaliyopangwa kwa kuta fupi za mawe, eka kwa maelfu. Kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18 watu walilima mtama hapa kwa kumwagilia. Walikinga mito inayoshuka kutoka nyanda za juu, wakaipitisha kwenye mifereji ya mawe, wakaigawa shamba kwa shamba. Mjerumani Gustav Fischer aliyapita mwaka 1883, na Louis Leakey akaja kuyachunguza mwaka 1935.

Kijana aliyetuongoza alikuwa akieleza mfumo wa mifereji kwa Kiswahili cha vitabuni. Mama Mdogo alimwacha amalize, akachuchumaa, akapitisha kiganja kwenye mstari wa mawe, akafuata mteremko kwa macho.

"Huu ni mfongo," akasema. "Hapa walikuwa wanaziba kwa jiwe na majani, zamu ya huyu ikiisha wanafungulia yule. Hapa lazima walikuwa wanagombana."

Kijana akacheka, akakubali. Mtu aliyekulia Kibosho, ambako mifongo inapita nyuma ya nyumba na wazee wa mfongo wanagawa siku, hahitaji kuelezwa hapa palikuwa na nini. Watu wale waliondoka, na sababu kubwa inayotajwa ni maji ya mito kupungua. Mto wa Engaruka bado unatiririka, na kijiji cha leo kinamwagilia kwa mto huohuo.

Jina la Engaruka siku hizi linasikika kwa sababu nyingine. Bondeni kuna magadi soda mengi chini ya ardhi, na Shirika la Maendeleo la Taifa lina mradi wa kuyavuna. Viwanda vya kioo na sabuni vinayahitaji. Kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 2000, mpango ulikuwa kujenga kiwanda Ziwa Natron kwenyewe. Wahifadhi wa ndege walipiga kelele hadi nje ya nchi na mpango ukakwama. Ukishaliona ziwa utaelewa kelele zile zilikuwa za nini.

Mbele ya Engaruka nchi inabadilika. Mlima Kitumbeine unabaki kulia, Kerimasi kushoto, na katikati ya uwanda kuna shimo kubwa la volkano ambalo wenyeji wanaliita Shimo la Mungu. Unalikuta ghafla, ardhi imekatika tu. Halafu Lengai. Nilikuwa nimeuona kwenye picha mara nyingi, ila picha hazikuonyeshi ulivyosimama peke yake, pande zote mteremko mmoja mkali, na mifereji ya majivu mekundu na meupe kutoka kileleni hadi chini.

Dereva hii njia anaijua tangu 2011. Alipeleka watu kwa Babu, Mchungaji Ambilikile Mwasapila, kule Samunge, enzi za kikombe cha dawa cha shilingi 500. Anasema vumbi hili tunalolilalamikia si kitu, mwaka ule magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita, watu wakilala ndani ya magari na wagonjwa wao. Mama Mdogo akamuuliza kama na yeye alikunywa. Akasema alikunywa, kwa kuwa alishafika.

Engaresero tuliingia jua likishuka. Ni kijiji kilichokaa kati ya ukuta wa bonde na ziwa, barabara moja ya vumbi, maduka ya mabati, bodaboda, kanisa, wanawake wenye shanga wanaomzunguka kila anayeshuka kwenye gari. Joto lilikuwa halijaondoka hata baada ya giza. Usiku ukashuka upepo kutoka juu ya ukuta, ukapiga mahema mpaka asubuhi.

Ijumaa

Ziwani unakwenda mapema, la sivyo jua linakufukuza. Mwenyeji wetu, kijana wa Kimasai wa hapahapa kijijini, alifika saa kumi na moja na nusu amevaa lubega nyekundu na viatu vya tairi. Alimsalimia Mama Mdogo kwa kuinamisha kichwa ili aguswe, kama watoto wa Kimasai wanavyofanya kwa wakubwa, na kuanzia hapo akawa anamwita Yeyo, yaani mama.

Gari linaachwa mbali, unatembea. Kwanza ni nyasi fupi ngumu, kisha matope yaliyokauka na kupasuka, kisha weupe. Mama Mdogo alisimama hapo pa weupe kabla yetu sote. Magadi yalikuwa yametanda chini, ukoko mwembamba kama ule unaobaki kwenye sufuria ya ugali, umenyanyuka pembeni na kujikunja. Ukiukanyaga unavunjika kwa mlio, na chini yake kuna tope jeusi lenye harufu ya yai bovu. Alivunja kipande, akakipuliza vumbi, akakigusisha ulimini. Akatema. Akakaa kimya kidogo.

"Haya ni yenyewe. Yana ukali wa mwanzo. Yale ya yule wa Jumanne yana chumvi ya kawaida."

Yule wa Jumanne, popote alipo, ajue kesi yake imeshahukumiwa.

Natron ina urefu wa kilomita 57 hivi na upana wa kilomita 22, lakini kina chake hakifiki mita tatu. Maji yanaingia kwa mto Ewaso Ng'iro kutoka Kenya, kwa vijito vya huku kwetu na kwa chemchemi za moto zinazopita kwenye miamba ya volkano. Hakuna mto unaotoka. Maji yanaondoka kwa kukauka tu, na yanachokibeba kinabaki: magadi. Mchana joto linapita nyuzi 40, na mwaka hadi mwaka magadi yanaongezeka. Kiangazi kikikolea ziwa linageuka jekundu kwa viumbe wadogo wasioonekana kwa macho ambao wanapenda chumvi.

Heroe walikuwa kwa mbali, mstari wa waridi unaosogea. Tulikaribia polepole hadi tukasikia sauti yao, mnong'ono wa maelfu ya midomo inayochuja maji. Ni heroe wadogo hawa, chakula chao ni mwani wa kijani-buluu, na huo mwani ndio unaowapa rangi. Karibu robo tatu ya heroe wadogo wote duniani wamezaliwa ziwa hili. Wanajenga viota vya tope katikati kabisa, kila jozi yai moja, mahali ambapo fisi na mbweha hawathubutu kufika kwa sababu tope lenyewe linachoma. Mwaka 1954 Leslie Brown, mpenzi wa ndege aliyekuwa akifanya kazi Kenya, aliamua kuvuka tope hilo kwa miguu akafuate viota. Alitoka na miguu iliyoungua vibaya akalazwa hospitali. Mwenyeji wetu alisimulia kisa hicho akiwa anatuonyesha kwa fimbo yake mahali tusipopaswa kukanyaga, na ninakiri ilisaidia.

Kuna ile hadithi iliyozagaa mwaka 2013 pamoja na picha za ndege na popo waliogeuka mawe, kwamba ukigusa maji ya Natron unakuwa sanamu. Ni uongo. Mnyama aliyekufa ziwani magadi humganda na kumhifadhi, basi. Tulimkuta kweli heroe mmoja ukingoni amekauka, manyoya yamegandana meupe, mdomo uliopinda umebaki na rangi yake. Mama Mdogo hakutaka apigwe picha.

Kilichonishangaza zaidi ni samaki. Kwenye kijito cha chemchemi kinachoingia ziwani, maji ya moto ambayo mkono hauvumilii sana, kulikuwa na samaki wadogo wa jamii ya perege, urefu wa kidole, wanachezacheza juu ya mwani. Kwa asili hawapatikani kwingine ila huku na Ziwa Magadi la Kenya. Mama Mdogo, mfanyabiashara wa dagaa, aliwatazama kwa jicho ambalo halikunipendeza.

Alasiri tulikwenda kwenye nyayo. Ziko kusini mwa ziwa, eneo limezungushiwa uzio. Ni nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizobaki kwenye tope la majivu ya volkano lililoganda likawa mwamba, na umri wake uko kati ya miaka 6,000 na 19,000 hivi. Mwenyeji wa kijiji ndiye aliyeziona kwanza, wataalamu wakaja baadaye. Unapiga magoti unaona kisigino, upinde wa unyayo, vidole vitano, na tope lilivyopanda katikati ya vidole mtu alipokandamiza. Nilitaka kuweka kiganja changu ndani, nikakatazwa, na ni haki.

Kundi moja la watu kumi na saba walitembea pamoja kuelekea upande mmoja. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulipima nyayo hizo na kuona kwamba kumi na wanne yaelekea walikuwa wanawake wazima, wanaume wawili, na kijana mmoja wa kiume. Wachunguzi wanadhani walikuwa wametoka kutafuta chakula, jinsi wanawake wa Kihadza wa Ziwa Eyasi wanavyotoka kikundi kuchimba mizizi na kuchuma matunda, na mwanamume mmojammoja anawasindikiza.

"Wanaume wawili," Mama Mdogo akasema. "Na hao walikuwa wanafanya nini?"

"Kulinda, Yeyo."

"Hm."

Saa nne usiku niliagana na Mama Mdogo. Alinipa ndizi mbili za kuchoma zilizofungwa kwenye gazeti, akanipaka ishara ya msalaba kwenye paji la uso, akarudi kwenye hema.

Jumamosi

Lengai unapandwa usiku kwa sababu mchana hakuna kivuli hata kimoja. Tulianza karibu saa sita, mimi, mwongozaji na Wapolandi wawili ambao hatukuelewana lugha lakini tulielewana kwa kuhema. Mlima una takriban mita 2,960, na wewe unaanzia chini sana bondeni, kwa hiyo ni kupanda tu. Hakuna kibanda, hakuna ngazi, hakuna ile "pole pole" ya Kilimanjaro ya kuzunguka mlima. Saa mbili za kwanza ni majivu yanayomeza kiatu. Hatua moja mbele, nusu nyuma. Baadaye unaingia kwenye mifereji iliyochimbwa na mvua, majivu yameganda magumu, na mteremko unakulazimisha utumie mikono. Taa ya kichwani inaonyesha mita mbili tu za kijivu. Nilimshukuru Mungu kwa hiyo taa hafifu asubuhi nilipoona nilikopita.

Harufu ya kiberiti ilitupokea kabla ya kilele. Saa kumi na moja na nusu tulikuwa ukingoni, baridi kali, upepo, jasho linaganda mgongoni. Tulilala kifudifudi tukachungulia.

Shimo lile lilichimbika mlima ulipolipuka mwaka 2007. Julai ya mwaka huo kulikuwa na matetemeko yaliyotikisa Arusha mpaka Nairobi, na Septemba mlima ukaanza kurusha majivu angani, ukaendelea hadi 2008. Kabla ya hapo watu walitembea kwenye sakafu ya kreta. Leo unaangalia chini kwenye kuta zinazomomonyoka, na kule ndani vilima vyembamba vya lava vinatema. Kulikuwa bado giza, na nilitarajia kuona mwanga mwekundu mkali wa kwenye picha za volkano. Hakuna. Lava ya Lengai ina joto la nyuzi 500 hadi 600, karibu nusu ya lava nyingine, kwa hiyo wekundu wake ni hafifu mno hata gizani. Unaisikia zaidi kuliko kuiona: inatokota, inacheua, inanyamaza, inacheua tena. Kulipopambazuka nikaiona, nyeusi, nyepesi mno, ikichuruzika haraka kwenye mteremko wa kilima chake. Na pembeni mwake ile ya siku zilizopita ilikuwa imeshageuka nyeupe.

Ule weupe ndio uliomleta Mama Mdogo huku. Hii ndiyo volkano pekee duniani tunayoijua inayotoa lava ya namna hii kwa sasa, lava ambayo sehemu kubwa yake ni kaboneti ya sodiamu na ya kalsiamu badala ya mawe yaliyoyeyuka ya kawaida. Ikikutana na unyevu inageuka nyeupe na kuanza kubomoka, mvua inaisomba, mengine yanapita ardhini na kutokea kwenye chemchemi. Moja ya madini yanayounda lava hiyo linaitwa nyerereaiti, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Lingine limepewa jina la Gregory, mwanajiolojia aliyelichunguza Bonde la Ufa. Sijui kwa nini hatukufundishwa hili shuleni, maana tulifundishwa majina ya volkano za Italia.

Jua lilipotoka, ziwa lote lilikuwa chini yetu, na Mlima Gelai, na upande wa pili nyanda za juu za Ngorongoro. Majivu ya milima hii kwa karne nyingi yamepeperushwa kwenda magharibi, yakatandika zile mbuga za nyasi fupi za Serengeti ambako nyumbu huenda kuzalia. Kwa nyumbu Lengai ni mbolea.

Kushuka nisiseme sana. Magoti yalilia, nikateleza kwa makalio sehemu mbili, na saa nne asubuhi nilikuwa chini, mweupe kutoka nywele hadi soksi. Mama Mdogo alikuwa ananisubiri kwenye gari na chupa ya uji. Alinitazama juu hadi chini, akakwangua vumbi begani kwangu kwa kucha, akaligusisha ulimini.

"Ndiyo hayohayo," akasema.

Nililala hadi jioni.

Jumapili

Asubuhi maporomoko. Mto Engare Sero unatoka juu ya ukuta wa bonde kupitia korongo jembamba, na njia ni ndani ya mto wenyewe. Unavua viatu, au unavivaa ukubali viloe, unavuka maji ya magotini huku na huku, unashika mwamba. Mikoma imeota juu ya kingo, na sehemu fulani maji yanatoka moja kwa moja ukutani, kwenye nyufa, yanamwagika juu ya majani. Baada ya karibu saa moja korongo linafunga na unafika kwenye bwawa na poromoko linaloanguka kwa kishindo. Maji yake ni baridi. Baada ya yale mavumbi yote, nilikaa chini ya poromoko mpaka vidole vikakunjamana.

Mama Mdogo aliishia nusu ya njia, akakaa na wanawake waliokuja kufua. Nilipowarudia walikuwa kwenye mazungumzo mazito, Kiswahili, Kimasai na ishara za mikono, na biashara ilishafikia mwisho: bibi mmoja, wote wakimwita Koko, angemletea mchana viroba viwili vya magadi, aliyoyakusanya mwenyewe ukingoni mwa ziwa kiangazi hiki. Kwa matumizi yao wenyewe wanayatia kwenye tumbaku, na mifugo wanawapa walambe.

Viroba vilipofika Mama Mdogo alimimina kimoja chote kwenye turubai. Aligeuza mabonge, akavunja machache kutazama ndani, akatenga yenye tope. Koko hakukasirika, alikaa naye akisaidia kutenga. Bei waliyopatana nimeambiwa nisiiandike.

Halafu Koko alicheka jambo, na meno yake yakaonekana: kahawia, yenye mabaka, mengine yamelika. Meno ya mwenyeji wetu kijana yako hivyohivyo, na ya nusu ya watu ninaowafahamu Usa River na King'ori. Arusha na Meru tumezoea kuyaita meno ya huku. Chanzo ni floraidi. Miamba ya volkano imejaa floraidi, maji yanaipokea, mtoto anakunywa wakati meno ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi, yanatoka yameshaharibika. Ikizidi sana na mifupa inapinda. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya ukanda wetu vinapita hapo. Kule Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikisafisha maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Magadi nayo yana floraidi. Nilimweleza Mama Mdogo jioni, kwa uangalifu, kwa sababu ni riziki yake. Nilidhani atabisha.

"Najua," akasema. "Daktari wa meno wa kanisani alishatuambia. Mimi wanangu sikuwapikia magadi hadi walipomaliza darasa la tatu."

"Na wateja?"

"Mteja akiniuliza namwambia. Hawaulizi."

Tulikaa. Baadaye akasema mwenyewe kwamba mama mwenye mtoto mdogo aloweke maharage na mahindi usiku kucha, maji yale amwage, makande yataiva bila magadi. Kisha akaongeza kwamba cha ugoro hakina shida, wazee meno yao yalishatoka zamani.

Jumatatu

Tulirudi kwa njia ileile, viroba viwili nyuma, mageti yaleyale. Safari hii mashine ilikuwa na mtandao. Mto wa Mbu tulipakia ndizi nyekundu, Arusha tukakuta foleni, Moshi tukaingia saa tatu usiku.

Anayetaka kwenda, aende kati ya Juni na Oktoba. Mvua zikinyesha makorongo yanajaa na gari dogo halivuki. Hata kiangazi tafuta gari la juu, lenye spea mbili. Mabasi ya Loliondo yanapita Engaresero ukiwa huna gari. Chukua mwongozaji wa kijijini, kwa ziwa na kwa mlima pia, na kofia ya ukingo mpana. Beba pesa taslimu hata kama una pesa kwenye simu. Maji ya kunywa na ya kupikia nunua Mto wa Mbu ya siku zote utakazokaa, hasa kama unasafiri na watoto. Ya kijijini ni ya kuoga.